Ufipa: Mahakama iko wazi, jalada liko wapi?

*Sheria inamruhusu kila mwananchi kuingia mahakamani na kusikiliza. Kwa mkazi wa Wampembe, Mtowisa au Kipeta, kazi kubwa huanza hakimu akishamaliza kusoma hukumu.*

Kati ya mwaka 1963 na 1964 vijiji vya Ufipa, katika mkoa wa Rukwa wa leo, vilipitiwa na wimbi la Kamchape, watu waliojitangaza kuwa wanaweza kumtambua mchawi na kumwondolea uchawi wake. Wanakijiji walikusanywa uwanjani. Watuhumiwa walitajwa mbele ya majirani zao, pembe na dawa zikatolewa majumbani, watu wakachanjwa chale na kupakwa dawa iliyosemekana ingemuua yeyote atakayerudia mambo yake. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka hiyo, aliandika habari zake katika jarida la Africa mwaka 1968.

Kwa macho ya haraka, hayo yalikuwa mashauri ya wazi kuliko yote yaliyowahi kusikilizwa Ufipa. Hapakuwa na mlango wa kufungwa wala askari wa kumzuia mtu asisogee. Mtoto na mzee walisikia kila neno. Lakini hakuna aliyeandika tuhuma ilikuwa ipi, ushahidi ulikuwa upi, na mtu alionekana na hatia kwa sababu gani. Aliyeonewa hakuwa na karatasi ya kuipeleka kokote. Aliondoka uwanjani akiitwa mchawi, na jina hilo likaishi midomoni mwa watu, mahali ambapo hakuna rufaa.

Mwaka 1963 huohuo, Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu. Machifu waliondolewa kwenye kiti cha hukumu, na mahakama za mwanzo, za wilaya na za hakimu mkazi zikaunganishwa katika ngazi moja inayopanda hadi Mahakama Kuu. Kwa hiyo uwanja wa Kamchape na chumba cha hakimu vilikutana Ufipa wakati mmoja, na tofauti yao inafaa kukumbukwa leo tunapozungumzia haki ya umma kuona kinachotendeka mahakamani. Umati wa watazamaji peke yake haulifanyi shauri kuwa la umma. Shauri huwa la umma linapoacha kumbukumbu ambayo mtu wa kawaida anaweza kuiomba, akaipata, akaisoma na kuitumia.

Benchi la nyuma

Kwa upande wa mlango, sheria haina kigugumizi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inasema kuwa mahali mahakama inapokaa kusikiliza kosa ni mahakama ya wazi, na umma unaweza kuingia kwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Hukumu nayo husomwa au kuelezwa hadharani. Huhitaji kuwa ndugu wa mshitakiwa, shahidi wala mwandishi wa habari. Ukifika Mahakama ya Hakimu Mkazi mjini Sumbawanga, au Mahakama ya Wilaya ya Nkasi kule Namanyere, unazima simu, unakaa benchi la nyuma, na hakimu anapoingia unasimama kama wengine.

Tanzania ilijiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao ibara yake ya 14 inataka mashauri yasikilizwe kwa haki na hadharani. Kenya imeliingiza sharti hilo moja kwa moja katika Ibara ya 50 ya Katiba yake ya 2010. Katiba yetu ya 1977 imepita njia nyingine. Ibara ya 13(6)(a) inaahidi haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pamoja na haki ya kukata rufaa, na Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Neno la rufaa lina uzito wa pekee hapo. Mahakama ya juu haikuwapo wakati shahidi akihojiwa. Haikumwona akisita wala haikusikia sauti yake ikibadilika. Inachokuwa nacho ni jalada. Aliyeahidiwa rufaa, basi, ameahidiwa pia kumbukumbu iliyoandikwa vizuri na kutunzwa.

Pamoja na ruhusa hiyo, benchi la nyuma katika mahakama zetu mara nyingi hukaliwa na watu wanaosubiri kuitwa kwa mashauri yao wenyewe. Wengi vijijini wamekua wakijua kuwa mahakamani mtu haendi mpaka aitwe, na kwamba anayeonekana huko bila wito ana lake jambo. Anayejipa moyo akaenda anaweza kuketi asubuhi nzima akisikia mashauri yakitajwa na kuahirishwa: upelelezi haujakamilika, shahidi hajafika, wakili ana udhuru. Akirudi nyumbani hana la kusimulia, na siku ya kusikilizwa inapofika kweli hayupo. Orodha ya mashauri hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa mahakama, lakini ubao ulioko Sumbawanga mjini hausomwi na mtu aliyeko Ilemba, kule bondeni.

Daftari la nani?

Kabla ya sheria ya 1963, shauri la Mfipa na Mfipa mwenzake lilisikilizwa katika baraza la chifu, liwe la Nkansi au la Lyangalile. Baraza lilikuwa wazi kwa watu, na wazee walichangia. Lakini Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 ilikuwa imezitoa mahakama hizo katika usimamizi wa Mahakama Kuu na kuziweka mikononi mwa watawala. Rufaa ilipanda kwa Bwana Shauri, yaani mtawala wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, hadi kwa gavana. Mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo. Palikuwapo karani na palikuwapo daftari la mashauri, ila msomaji wake mkuu alikuwa mtawala aliyekuja kumkagua chifu na kuhesabu faini.

Mazoea ya zamani hayaishi siku sheria inapobadilika. Hata leo wapo watumishi wa masjala, katika ofisi nyingi za umma na si za mahakama tu, wanaoliona jalada kuwa mali ya ofisi, na mwananchi anayeliulizia kuwa msumbufu. Wapo pia wananchi wanaoomba nakala ya hukumu yao kwa sauti ya mtu anayeomba msaada. Sheria inasema vingine. Katika kesi ya jinai, mshitakiwa akiomba nakala ya hukumu anatakiwa kupewa bila kucheleweshwa na bila malipo. Hukumu yenyewe lazima iandikwe, ioneshe hoja zilizobishaniwa, uamuzi uliofikiwa na sababu zake, kisha itiwe saini na tarehe.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa wakimwambia mfanyabiashara, lakini msemo huo unamfaa pia anayedai shamba lake au uhuru wake.

Kupanda Lyamba lya Mfipa

Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki ardhi inakatika kwenye kingo za Lyamba lya Mfipa na kushuka hadi bonde la Ziwa Rukwa, kwenye vijiji vya Muze, Mtowisa, Ilemba na Kipeta. Upande wa magharibi inashuka tena hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwenye Kirando, Wampembe, Kala na Kasanga. Ziwa hilo liko chini ya mji kwa zaidi ya mita elfu moja. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Rukwa ukiwa na watu zaidi ya milioni 1.5, na sehemu kubwa yao hawaishi kando ya lami.

Hali imekuwa afadhali kuliko zamani, hilo halina ubishi. Kabla ya Sumbawanga kuwa na masjala yake ya Mahakama Kuu, rufaa za Rukwa zilikwenda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Tunduma, na kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi kiangazi na tope masika. Leo barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 223 kupitia Laela, inapitika mwaka mzima, na rufaa za Rukwa husikilizwa na Mahakama Kuu Sumbawanga. Kinachobaki kigumu ni kipande cha kutoka kijijini hadi kwenye lami hiyo.

Mfikirie mkulima wa mpunga aliyeko bondeni, aliyeshindwa shauri la madai. Hukumu imesomwa, amesikia neno “umeshindwa”, mengine yamempita. Anaambiwa nakala haijawa tayari, aje wiki ijayo. Wiki ijayo anapanda gari alfajiri, anafika mchana, anakuta anayeiandaa ameitwa kikaoni. Anarudi tena. Nauli, chakula na siku za shamba zilizopotea vinapozidi thamani ya madai yenyewe, ataacha. Atakuwa hajafungiwa mlango na mtu yeyote, wala hapatakuwa na mtu wa kumlaumu. Haki ya rufaa itakuwa imemponyoka mahali fulani kati ya kituo cha mabasi na dirisha la masjala.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba siku zinahesabiwa, na hesabu hutofautiana kwa aina ya shauri. Rufaa ya kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30, na mahakama zimeshaeleza kuwa mrufani wa ngazi hiyo halazimiki kuambatisha nakala ya hukumu. Anayekaa kijijini akiisubiri nakala kwanza anaweza kupitwa na muda akidhani anafuata utaratibu. Katika kesi ya jinai iliyoamuliwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, mtu hutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 na kuwasilisha sababu zake ndani ya siku 45. Siku zilizotumika kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu haziingizwi katika hizo 45. Kwa rufaa ya madai inayokwenda Mahakama ya Rufani, barua ya kuomba mwenendo wa shauri huandikwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na nakala yake hupelekwa kwa upande wa pili. Aliyesahau hatua hiyo ndogo hupoteza nafuu ya kutohesabiwa siku alizosubiri.

Ndiyo maana wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, husisitiza jambo linaloonekana dogo: omba kwa barua. Andika namba ya shauri, majina ya wadaawa, jina la hakimu na tarehe ya uamuzi. Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, uondoke nayo. Ombi la mdomo dirishani halithibitishiki baadaye, ila muhuri wenye tarehe utasimama mbele ya jaji kueleza kuwa kuchelewa hakukuwa kwako.

Maneno yako katika lugha ya wengine

Mahakama za Mwanzo zimetumia Kiswahili tangu zilipoanzishwa. Kuanzia Mahakama ya Wilaya kwenda juu, mambo yalikuwa tofauti kwa miongo mingi: watu walizungumza Kiswahili, lakini kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Rukwa jambo hilo lilikuwa na ngazi moja zaidi. Bibi wa kijijini anaweza kutoa ushahidi kwa Kifipa au Kimambwe, mfugaji wa bonde la Rukwa kwa Kisukuma. Mkalimani anaugeuza kuwa Kiswahili, hakimu anausikiliza kwa Kiswahili na mkono wake unauandika kwa Kiingereza. Shahidi aliyesema maneno kumi akiletewa karatasi asome alichosema, hawezi kukitambua.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Namba 1 ya mwaka huo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Siku chache kabla ya hapo, tarehe 1 Februari 2021, katika Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais John Magufuli alikuwa ametangaza kumpandisha Jaji Zepherine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika uamuzi wa shauri la mgodi wa North Mara kwa Kiswahili. Ilikuwa ishara kubwa. Hata hivyo sheria iliacha nafasi ya Kiingereza pale haki itakapohitaji, na anayefungua hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani za miaka iliyofuata atakuta nyingi bado ziko kwa lugha hiyo.

Sababu zinazotolewa zina mantiki yake. Vitabu na maamuzi ya nyuma yanayorejewa yako kwa Kiingereza, na majaji wamesomea sheria kwa Kiingereza. Mahakama imeanza kutumia mfumo wa kompyuta wa kunukuu na kutafsiri mazungumzo ya mahakamani, ambao ukiimarika utampunguzia hakimu kazi ya kuandika kila neno kwa mkono. Lakini wakati mfumo ukisubiriwa, ipo nafuu isiyohitaji mtambo: muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ukisema nani alidai nini, mahakama imeamua nini, kwa sababu gani, na aliyeshindwa ana siku ngapi. Mtu wa Matai aliyeshika ukurasa huo atajua kama ana sababu ya kutafuta wakili.

Mtandao umefika hadi wapi

Katika muongo uliopita Mahakama ya Tanzania imefanya jambo ambalo nchi nyingi hazijafanya. Kupitia TanzLII, maktaba ya mtandaoni inayoendeshwa na Mahakama yenyewe, hukumu husomwa bure, bila kujiandikisha wala kueleza unazitakia nini. Mwanafunzi aliyeko Namanyere mwenye simu na bando anaweza kusoma uamuzi wa Mahakama Kuu Sumbawanga sawasawa na wakili aliyeko Dar es Salaam. Kenya ina hazina yake ya Kenya Law, Uganda ina ULII, na zote zinafuata wazo lililopewa sauti katika Azimio la Montreal la mwaka 2002, kwamba taarifa za kisheria za umma ni urithi wa watu wote.

Faida yake inaonekana katika mashauri yanayogawa mji. Mwaka 2012 Mahakama Kuu Sumbawanga ilitengua ushindi wa Aeshi Hilaly wa CCM katika uchaguzi wa 2010 wa jimbo la Sumbawanga Mjini, kwenye shauri lililofunguliwa na Norbert Yamsebo wa CHADEMA. Baadaye Mahakama ya Rufani ilimrejeshea ubunge wake. Katika mambo kama hayo kila upande una maelezo yake ya kijiweni: huyu kapendelewa, yule kahujumiwa. Hukumu iliyoandikwa haiwezi kumridhisha kila mtu, ila inampa mbishi mwaminifu kitu cha kukishika. Anaweza kusema, “Jaji alikosea hapa, ukurasa huu,” badala ya kusema tu kwamba jaji alikosea.

Mtandao, hata hivyo, umeanzia juu. Wingi wa yaliyomo TanzLII ni maamuzi ya Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu. Mfipa wa kawaida anakutana na sheria kwenye Mahakama ya Mwanzo: mirathi, ndoa, deni, wizi wa kuku, kupigana kilabuni, ng’ombe walioingia shambani. Mashauri hayo ndiyo mengi, ndiyo yanayogusa maisha kila siku, na ndiyo yasiyoonekana. Ya ardhi nayo yana njia yake, Baraza la Kata na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako nakala ya uamuzi huwa na safari yake nyingine.

Aliyeachiwa huru

Sumbawanga imebeba utani wa nchi nzima kuhusu radi na uchawi, na wenyeji wameuzoea. Nyuma ya utani huo wapo watu waliopoteza maisha. Mahakama Kuu Sumbawanga imesikiliza mashauri ya mauaji yanayohusishwa na imani za kishirikina, na hadi miaka ya karibuni habari za rambaramba, warithi wa Kamchape, zimeendelea kutoka Rukwa na Katavi. Hata dola imewahi kupita pembeni ya mahakama katika jambo hili. Sheria ya Uchawi iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928 ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumchunguza mtuhumiwa na kumwamuru akaishi mahali atakapopangiwa, bila kumfikisha mahakamani.

Katika mazingira ya uvumi wa namna hiyo, jalada linafanya kazi ambayo hotuba haiwezi. Chukua mtu aliyeshitakiwa kwa mauaji ya kikongwe, akakaa mahabusu miaka, kisha Mahakama Kuu ikamwachia huru. Siku alipokamatwa, habari ilitangazwa redioni na gazetini. Siku alipoachiwa mwandishi hakuwapo. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari, na habari ya kuachiwa hainunuliki kama ya kupandishwa kizimbani. Mtu huyo anarudi kijijini kwake akiwa na neno lake tu, na majirani wana jibu tayari: ametoa kitu.

Hukumu yake inaeleza kwa nini. Pengine shahidi pekee alimtambua usiku bila mwanga wa kutosha. Pengine maelezo ya onyo yalichukuliwa nje ya muda wa sheria. Pengine mashahidi wawili walisimulia matukio mawili tofauti. Ndugu wa marehemu wana haki ya kujua hayo, maana inawezekana lawama yao inapaswa kwenda kwa upelelezi na si kwa jaji wala kwa jirani. Hakimu mwadilifu naye anahitaji hukumu hiyo isomwe, kwa kuwa minong’ono ya rushwa haina dawa nyingine.

Upande wa pili wa jalada uko gerezani. Mfungwa aliyeko gereza la Mollo anaandaa rufaa yake akitegemea ofisa wa magereza amfuatilie nakala. Mwenendo usipochapwa, rufaa haina pa kusimama. Kurasa zikipotea, watumishi wa mahakama hulazimika kuunganisha vipande kutoka kwa waendesha mashitaka, polisi na mawakili, na vikikosekana kabisa, Mahakama ya Rufani hujikuta ikiamua juu ya uhuru wa mtu bila kuona alishitakiwaje. Hapo anaumia mfungwa ambaye pengine hakustahili kufungwa, au anaumia mwathirika ambaye mkosaji wake ataachiwa kwa sababu ya kabati lililovuja.

Pale mlango unapofungwa

Uwazi una mipaka, na baadhi ya mipaka hiyo ni ya haki kabisa. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, ushahidi katika kesi za makosa hayo husikilizwa faragha, na vyombo vya habari haviruhusiwi kuutangaza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka Mahakama ya Watoto ikae bila umma. Binti wa darasa la sita hapaswi kusimulia alichotendewa mbele ya kijiji kizima, wala jina lake kubaki mtandaoni hadi awe bibi. Hukumu inaweza kuchapishwa jina likiwa limefichwa, na jamii ikajua mkosaji ameadhibiwa na kwa ushahidi gani.

Ugumu uko kwenye mashauri ya katikati, na zaidi yale ya siasa. Katika kesi ya kiongozi wa CHADEMA Freeman Mbowe, iliyoanza kusikilizwa mwaka 2021 na kufutwa na upande wa mashitaka Machi 2022, wafuatiliaji waliandika mitandaoni karibu kila swali na jibu, na watu waliokuwa mbali na Dar es Salaam walilifuata shauri siku kwa siku. Katika shauri la uhaini lililofunguliwa dhidi ya Tundu Lissu, naye wa CHADEMA, Aprili 2025, Mahakama ya Kisutu ilizuia matangazo ya moja kwa moja kwa hoja ya kuwalinda mashahidi. Kenya, kwa upande wake, iliruhusu kesi za kupinga uchaguzi wa rais katika Mahakama ya Juu zioneshwe kwenye televisheni mwaka 2013, 2017 na 2022.

Usalama wa shahidi ni jambo la kweli, na kwa mtu wa Rukwa anayetoa ushahidi dhidi ya wauaji wa jirani yake si nadharia. Lakini faragha ni kama chumvi: ikizidi, chakula kizima hakiliki. Anayeomba mlango ufungwe anapaswa kueleza hatari ni ipi, kwa shahidi yupi, kwa muda gani, na mahakama iandike sababu zake ili ngazi ya juu izipime. Mlango unapofungwa, kumbukumbu inahitajika zaidi, kwa kuwa watu hawana tena macho yao wenyewe.

Yanayowezekana Rukwa

Mengi yanayohitajika hayasubiri sheria mpya wala mkopo wa nje. Orodha ya mashauri ya wiki inaweza kutumwa kwa watendaji wa kata na kusomwa kwenye redio za mkoa pamoja na bei za mahindi na maharage. Ombi la nakala linaweza kupokelewa kwenye Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu na mwananchi na kupelekwa mjini ndani ya mfumo wa Mahakama, ili mkazi wa Kala asipande mlima kwa ajili ya kukabidhi barua. Nakala ikiwa tayari, ujumbe mfupi wa simu umfikie kabla hajalipa nauli. Maamuzi teule ya Mahakama za Mwanzo, yakiondolewa majina ya watoto na waathirika, yanaweza kuchapishwa kwa kuwa tayari yako kwa Kiswahili, na huenda yakawa somo zuri la sheria kuliko lolote lililoko mashuleni.

Wananchi nao wana sehemu yao. Walimu wa uraia wanaweza kuwapeleka wanafunzi wakakaa benchi la nyuma siku moja ya kusikilizwa kwa kesi ya kawaida. Viongozi wa vyama vya ushirika, wachungaji, mashehe na wazee wa vijiji wanaweza kuhudhuria bila kuwa na shauri. Waandishi wanaweza kujiwekea kanuni ya kurudi kwenye kila kesi waliyoitangaza siku ya kwanza, wakaandika ilivyokwisha.

Kila mwaka, mwishoni mwa Januari, Mahakama huadhimisha Wiki ya Sheria. Mahema hufungwa viwanjani, mahakimu na makarani hukaa na wananchi, vipeperushi hugawiwa, na Sumbawanga haibaki nyuma. Ni fursa nzuri ya kuuliza maswali yenye majibu ya namba: nakala ngapi za hukumu zimeombwa mwaka huu katika mahakama za Rukwa, ngapi zimetolewa, na kila moja ilichukua siku ngapi? Mahakama ikibandika majibu hayo kwenye ubao wake, wilaya kwa wilaya, hakuna atakayehitaji kuambiwa na kiongozi yeyote kama mahakama za Ufipa ziko wazi au la. Watajihesabia wenyewe.